Tom Jones na Surrounded by Time: albamu ya mzee wa miaka 80 inayostahili kusikilizwa kwa utulivu

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa wanamuziki wakongwe humu jukwaani unaishia kwenye vibao vya ujana wao. Mtu anataja wimbo wa mwaka 1966, mwingine wa 1968, mjadala unafungwa. Leo naomba tumzungumzie mwimbaji ambaye, kwa masikio yangu, kazi zake bora zilianza baada ya kutimiza miaka 70. Ni Tom Jones wa Wales, na albamu ninayoitetea ni Surrounded by Time, iliyotoka tarehe 23 Aprili 2021 na kushika namba moja Uingereza.

Kwa wasiomfahamu sana: jina lake la kuzaliwa ni Thomas John Woodward. Alizaliwa tarehe 7 Juni 1940 huko Treforest, karibu na mji wa Pontypridd, kusini mwa Wales, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Akiwa na miaka 12 aliugua kifua kikuu, akakaa kitandani karibu miaka miwili huku wenzake wakicheza nje. Alioa mwaka 1957 akiwa na miaka 16, mke wake Linda akiwa mjamzito, na mtoto wao Mark akazaliwa muda mfupi baadaye. Shikeni majina hayo mawili, Linda na Mark. Tutarudi kwao.

Mwaka 1965 It's Not Unusual ilishika namba moja Uingereza. Ikaja Green, Green Grass of Home mwaka 1966, Delilah mwaka 1968, kipindi chake mwenyewe cha runinga kati ya 1969 na 1971, halafu miaka mingi ya kumbi za Las Vegas. Sauti ilikuwa kubwa mno. Ndiyo iliyomlisha na ndiyo iliyomfunga, kwa sababu watu walilipa kuja kusikia ile noti ya mwisho ikishikiliwa mpaka ukumbi mzima usimame. Ukisikiliza rekodi zake nyingi za miaka ya 1970 utamsikia akiimba kila mstari kwa nguvu zilezile, uwe wa msiba au wa harusi. Mtu mwenye uwezo ule anapoutumia kila mahali, msikilizaji anaacha kusikia maneno. Anasikia mapafu.

Miaka ya 1980 naipita haraka. Meneja wake Gordon Mills alifariki mwaka 1986, mwanawe Mark akachukua kazi hiyo, na mwaka 1988 akafufuka chati kwa wimbo Kiss akishirikiana na kundi la Art of Noise. Mwaka 1999 ikaja Reload, nyimbo za kushirikiana na vijana, ikauza sana. Kazi za kufurahisha hizo, sizibezi. Lakini angeweza kuishia hapo na historia ingemkumbuka kama mtumbuizaji hodari, basi.

Mwaka 2010 alikaa studio na prodyuza Ethan Johns, katika studio za Real World zilizoko kijiji cha Box, Wiltshire. Wakatengeneza Praise & Blame: nyimbo za injili na bluzi, wapigaji wote chumba kimoja wakipiga kwa pamoja, bila mapambo ya kuongezwa baadaye. Kabla haijatoka, barua pepe ya mkubwa mmoja wa kampuni ya rekodi ilivuja magazetini. Alikuwa amekasirika kwamba walilipia nyimbo za kuchezeka, wakaletewa tenzi. Albamu ikaingia chati za Uingereza ikafika namba mbili. Katika wimbo wa kwanza, What Good Am I? wa Bob Dylan, Tom anaanza chini kabisa, karibu na kunong'ona, na anabaki huko. Mwimbaji aliyejulikana dunia nzima kwa kupaza sauti alikubali kutopaza. Zikafuata Spirit in the Room mwaka 2012 na Long Lost Suitcase mwaka 2015, pamoja na Johns yuleyule.

Kisha Aprili 2016 Linda akafariki kwa saratani, baada ya miaka 59 ya ndoa. Tom aliondoka Los Angeles, akarudi kuishi London. Ameeleza kwenye mahojiano kwamba alipokuwa kando ya kitanda cha mkewe alimwambia hadhani kama ataweza kuimba tena, na Linda akamjibu kwamba lazima aendelee, asianguke pamoja naye.

Sasa fungua Surrounded by Time. Wimbo wa kwanza ni I Won't Crumble With You If You Fall. Umetungwa na Bernice Johnson Reagon, mwanamama wa Georgia aliyeimba katika harakati za haki za raia weusi wa Marekani na baadaye akaanzisha kundi la Sweet Honey in the Rock. Ulizaliwa katika mazingira ya mapambano. Tom anauimba kama mjane anayemjibu marehemu, juu ya sauti ndefu ya kinanda isiyosogea, hakuna ngoma, hakuna gitaa la kuvuta masikio. Unasikia anavyovuta pumzi. Kuna mahali sauti inakwaruza na hawakuifuta. Nimeusikiliza mara nyingi na bado kila mara naacha ninachokifanya.

Prodyuza ni Ethan Johns pamoja na Mark, mtoto wa Linda. Fikiria chumba hicho: mzee wa karibu miaka 80 anamwimbia mkewe aliyefariki, na upande wa pili wa kioo ameketi mtoto wao.

Hoja yangu ni hii. Albamu hii ni kubwa kuliko kazi zake zote za ujana kwa sababu hatimaye sauti inayatumikia maneno. Karibuni tujadili.

Kinanda cha Kale

Mkuu umeandika vizuri, ila kuna jambo umelipitia pembeni. Nyimbo 12, hajatunga hata mmoja. Zote za watu. Dylan, Cat Stevens, bendi ya Waterboys, wote walishaimba zao. Mimi mwimbaji mkongwe namheshimu anapokaa na kalamu aseme lililo moyoni mwake. David Bowie alitoa Blackstar tarehe 8 Januari 2016, siku ya kutimiza miaka 69, akafariki siku mbili baadaye, na nyimbo alizitunga yeye. Ile ndiyo albamu ya uzeeni. Hii ni karaoke ya gharama kubwa.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Kinanda, Blackstar naipenda na sitaishusha ili kumpandisha mwingine. Lakini kazi ya mwimbaji na kazi ya mtunzi ni mbili tofauti, na Tom tangu mwanzo ni mwimbaji. Swali la kumuuliza ni: amechagua nini, na kwa nini sasa?

Chukua I'm Growing Old, wimbo wa 11. Mtunzi wake, Bobby Cole, alikuwa mpiga piano na mwimbaji wa Marekani. Alimpa Tom wimbo huo Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tom alikuwa na miaka thelathini na kitu, yuko kileleni, suruali za kubana, wanawake wanajaa ukumbini. Aliupenda, akaona bado hajafikia umri wa kuuimba, akauweka. Aliuweka karibu nusu karne! Mtunzi mwenyewe alifariki zamani. Wimbo unahesabu vitu ambavyo mtu anapungukiwa navyo kidogo kidogo, na kimoja ambacho hakipungui. Angeuimba mwaka 1972 ungekuwa maigizo. Mwaka 2021 kila neno lina mwili wake nyuma yake.

Sasa mwimbaji anayeukataa wimbo mzuri kwa miaka yote hiyo kwa sababu hajaustahili, huyo namwita mwenye heshima ya kazi. Karaoke haina subira ya namna hiyo.

Mwalimu wa Kwaya

Naomba nichangie upande wa sauti, maana nafundisha kwaya ya kanisa na nina wazee kwenye besi na tenor ambao kila mwaka lazima niwapangie upya.

Umri unapokwenda, pumzi inafupika kwa sababu mbavu na misuli ya kifua haifunguki kama zamani. Nyuzi za sauti zinapoteza mnyumbuko. Mtetemo wa sauti unapanuka na kuwa wa polepole, na ukimlazimisha mzee ashikilie noti ndefu ya juu, utasikia inayumba. Waimbaji wengi wanapambana na hali hiyo kwa kusukuma zaidi, na hapo ndipo wanapoharibu.

Msikilizeni Tom kwenye albamu hii. Anafupisha misemo. Anamalizia neno na kuliachia lianguke badala ya kulivuta. Yuko karibu sana na maiki, hivyo hana haja ya kusukuma, na ule mzigo wa chini ya sauti unaingia wote kwenye rekodi. Kwenye Windmills of Your Mind, wimbo wa Michel Legrand uliotoka kwenye filamu ya 1968, melodia inazunguka bila nafasi ya kupumua. Ni mtego kwa mwimbaji mzee. Yeye anaikata vipande vyake mwenyewe, anachelewa kidogo nyuma ya mapigo, anapumzika pale ambapo maana inaruhusu. Wanakwaya wangu niliwachezea huo wimbo nikawaambia wahesabu pumzi.

Na jambo jingine: nguvu bado ipo. Kwenye Samson and Delilah anafungua mlango mara chache tu na unashtuka. Anayo, lakini ameichagulia mahali.

Bint wa Ngambo

Nimesoma kwa makini, na kwa kuwa Mwalimu ametaja Delilah, nami niseme la kwangu.

Ule wimbo wa 1968 tunaouimba kwenye sherehe kwa sauti ya juu unamhusu mwanamume anayemchungulia mwanamke dirishani, kisha anamuua kwa kisu na kumwomba marehemu msamaha. Ndio huo. Mwaka 2023 chama cha raga cha Wales kiliuondoa kwenye orodha ya nyimbo za kwaya uwanjani kwa sababu hiyo. Tena Linda unayemsifu alivumilia mengi, kwani habari za mume wake kutoka nje ya ndoa hazikuwa siri kwa mtu yeyote. Kwa hiyo ninaposikia wimbo wa kumlilia mke, moyo wangu unasita. Siukatai. Nasita tu.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Dada, umesema kweli na uko sahihi kuisema hapa.

Delilah waliitunga Les Reed na Barry Mason, na Tom aliiimba kwa namna ileile ninayoilalamikia: sauti kubwa imefunika tendo. Watu wameimba mauaji kwa miaka zaidi ya 50 wakiwa na vikombe mkononi, kwa sababu wimbo haukuwataka wasikilize. Samson and Delilah ya kwenye albamu hii ni wimbo mwingine kabisa, wa kale, wa wahubiri wa bluzi kama Blind Willie Johnson na Reverend Gary Davis. Kisa ni cha Biblia: mtu mwenye nguvu za kutisha anayenyang'anywa nguvu hizo. Sidhani mzee wa miaka 80 mwenye historia ile aliuchukua bila kufikiri.

Kuhusu ndoa, siwezi kuitakasa na sitajaribu. Ninachokisikia kwenye wimbo wa kwanza ni mtu aliyebaki, anayejua anachodaiwa. Hajitetei, wala haombi tumwone alikuwa mume bora. Anasema tu kwamba aliambiwa asimame na amesimama. Kama angeuimba kwa mbwembwe za Las Vegas, ningesita pamoja nawe.

Bint wa Ngambo

Haya, hilo la kutojitetea nimelielewa. Nitausikiliza tena usiku, peke yangu.

Ngoma Droo

Mbona hakuna anayemtaja Johnny Cash? Huu mfumo si mpya. Mwaka 1994 prodyuza Rick Rubin alimchukua Cash, mkongwe wa country wa Marekani aliyeachwa na kampuni yake, akamkalisha na gitaa moja, nyimbo za watu wengine, sauti kavu. Mpaka 2002 wakapata wimbo Hurt. Ethan Johns alichofanya 2010 ni kumhamishia Tom Jones mapishi yaleyale. Wazee wengi wamepitishwa njia hiyo, siku hizi ni kama desturi: ukifika 70, toa magitaa ya umeme, leta tenzi, uvae nyeusi.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Ngoma, kwa Praise & Blame nakubali ulinganisho, na wahakiki wengi waliuona tangu siku ya kwanza. Lakini kuna tofauti mbili.

Kwanza, Cash siku zote alikuwa na sauti kavu. Tangu miaka ya 1950 alikuwa anasema zaidi ya kuimba. Rubin alimvua nguo za ziada, chini yake akawa yuleyule. Tom ilibidi aache mazoea ya miaka 45. Ni kazi ngumu zaidi kwa mtu mwenye uwezo mkubwa kujizuia kuliko kwa mtu ambaye hakuwahi kuutegemea.

Pili, Surrounded by Time haifanani na rekodi ya gitaa moja hata kidogo. Isikilize No Hole in My Head, wimbo wa Malvina Reynolds: milio ya kieletroniki inazunguka, kuna kitu cha Kihindi kwenye nyuzi, mdundo unakimbia. Isikilize Talking Reality Television Blues ya Todd Snider. Magitaa yananguruma kwa nyuma na Tom haimbi, anazungumza tu, anasimulia historia ya runinga ya Marekani kutoka siku za mwanzo hadi nyota wa kipindi cha maisha halisi anapoingia ikulu. Na anayesimulia ni mtu aliyekuwa na kipindi chake cha runinga mwaka 1969 na ambaye kuanzia 2012 alikaa kwenye kiti cha jaji wa The Voice, shindano la uimbaji la runinga ya Uingereza. Anaizungumzia nyumba aliyokaa ndani yake. Waliitoa kama singo ya kwanza, na nakumbuka watu walidhani ni mtu mwingine.

Kwa kawaida mzee anapotaka kuonekana wa kweli anarudi nyuma, kwenye sauti za utoto wake. Tom alishafanya hivyo kwa albamu tatu. Ya nne akaamua kwenda mbele, na alikuwa anakaribia 80. Hili ndilo linalonifanya niitetee hii kuliko zile tatu.

Kijana wa Kampala

Wakuu, mimi niliingia kwenye albamu hii kupitia mlango mwingine. Wimbo wa sita, I Won't Lie, ni wa Michael Kiwanuka. Kwa wasiojua, Kiwanuka amezaliwa London na wazazi wake ni Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Amekulia Muswell Hill, kaskazini mwa jiji. Wimbo huo uko kwenye albamu yake ya kwanza, Home Again ya mwaka 2012, na mwaka 2020 alishinda tuzo ya Mercury kwa albamu yenye jina lake.

Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Tumezoea kusikia vijana wa asili ya huku wakiimba nyimbo za wakongwe wa Uingereza ili wakubalike. Hapa mkongwe wa Uingereza, mwenye cheo cha Sir tangu 2006, anachukua wimbo wa kijana mwenye jina la Kiganda na kuuweka katikati ya Cat Stevens na Bob Dylan, bila maelezo. Na wimbo wenyewe Kiwanuka aliutunga akiwa kijana lakini una uzito wa mtu aliyeishi sana. Kwa Tom umekuwa taratibu zaidi. Toleo la Kiwanuka ni la mtu anayejiahidi kitu. La Tom ni la mtu anayeulizwa kama alitimiza.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Kijana, hiyo sentensi yako ya mwisho imenipita mimi na maelezo yangu yote. Asante.

Mpiga Gitaa Mstaafu

Hiyo namba moja aliyopata mnaijua ilitoka wapi? Runinga. Kila Jumamosi watu walikuwa wanamwona kwenye kiti chekundu cha The Voice. Ukiwa mbele ya mamilioni kila wiki hata ukiimba kitabu cha simu kitauzwa.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Runinga ilisaidia, hakuna ubishi. Lakini alikuwa kwenye kiti hicho mwaka 2012 ilipotoka Spirit in the Room, na haikushika namba moja. Surrounded by Time ilishika, mwishoni mwa Aprili 2021. Akiwa na miaka 80 akawa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote kushika namba moja ya chati za albamu Uingereza kwa nyimbo mpya alizorekodi, akimpita Bob Dylan aliyeshika akiwa na miaka 79 mwaka uliotangulia. Tukumbuke pia ulikuwa wakati wa korona. Watu walikuwa wamefungiwa ndani, wengi wamezika bila kuaga. Albamu inayoanza na mtu anayekataa kuanguka ilikuta masikio yaliyoihitaji. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Kinanda cha Kale

Nimeisikiliza yote jana na leo. Kuhusu utunzi bado nina msimamo wangu, lakini acha nizungumzie muziki.

This Is the Sea ni ndefu kupita kiasi. Toleo la Waterboys la mwaka 1985 lina wimbi linalopanda na huwezi kulizuia. Hapa bendi inapanda, inashuka, inapanda tena, mpaka nikaanza kuangalia saa. Popstar ya Cat Stevens sioni inafanya nini hapo. Wimbo huo Stevens aliuimba mwaka 1970 akiwa kijana anayeliangalia umaarufu kwa jicho la shaka. Mzee aliyekuwa maarufu tangu 1965 akiimba kwamba anakwenda kuwa nyota, maana inapotea. Na Ol' Mother Earth ya Tony Joe White, sawa, ujumbe wa kutunza dunia ni mzuri, lakini nilihisi nahubiriwa.

Ila One More Cup of Coffee ya Dylan. Hapo nilikaa kimya. Na Lazarus Man nimeirudia.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Huu ndio usikilizaji ninaouomba humu.

Kwenye Popstar niko nawe, mimi huwa nairuka. Kwenye This Is the Sea tunaachana. Urefu ule naupenda kwa sababu Tom hakimbilii kilele. Wimbo unamwambia mtu kwamba alichokuwa nacho ulikuwa mto na sasa yuko baharini, na mto huo kwake ni miaka yote ile ya taa na makofi. Nataka achukue muda wake. Ol' Mother Earth ingekuwa fupi zaidi ningefurahi.

Lazarus Man tuiongelee kidogo, kwa sababu watu wengi wanazima kabla ya kuifikia. Ni ya Terry Callier, mwimbaji wa Chicago aliyechanganya folki, jazi na soul, ambaye aliacha muziki kwa miaka mingi akafanya kazi ya programu za kompyuta chuo kikuu kabla ya kurudi. Alifariki mwaka 2012. Anayezungumza kwenye wimbo ni Lazaro mwenyewe, yule aliyefufuliwa, anasimulia alivyokufa na alivyoitwa atoke. Toleo la Tom linakaribia dakika tisa na ndilo linalofunga albamu. Mdundo unajirudia, gitaa linakwaruza, na sauti inapanda polepole mpaka ule uwezo wa zamani unatoka wote, dakika za mwisho kabisa, baada ya saa nzima ya kuuzuia.

Na hapo ndipo hoja ya Mwalimu wa Kwaya inapokamilika. Nguvu ile ingetumika wimbo wa kwanza, hapa isingekuwa na kazi.

Mwalimu wa Kwaya

Nathibitisha. Kwenye Lazarus Man anaimba kwa kifua wazi na pumzi inamtosha kwa sababu amegawanya vizuri. Mwimbaji wa miaka 40 angechoka dakika ya tano kwa kuanza juu.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, mimi Tom Jones namjua kwa wimbo mmoja tu wa harusini. Nikitaka kuanza na hizi albamu za uzeeni nianzie wapi? Na je, kuna waimbaji wengine wa Uingereza wa rika hilo wa kusikiliza kwa namna hii?

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Karibu sana, mgeni. Usianze na hii tunayoijadili. Anza na Praise & Blame ya 2010, isikilize ukiwa umekaa, sio ukiendesha gari. Ikikukamata, nenda Spirit in the Room, hasa Tower of Song ya Leonard Cohen na Dimming of the Day ya Richard Thompson. Long Lost Suitcase unaweza kuichukua wimbo mmoja mmoja. Kisha ndiyo uje hapa, na uicheze kwa mpangilio wake kuanzia wimbo wa kwanza. Ukiichanganya kwenye simu inapoteza mwendo wake.

Kwa wengine, mtafute Shirley Collins, mwimbaji wa nyimbo za asili za Kiingereza. Sauti ilimkataa miaka ya mwisho ya 1970 baada ya ndoa yake kuvunjika, akanyamaza kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 2016 akiwa na miaka 81 akatoa Lodestar. Sauti yake ni nyembamba, imekauka, na ni ya kweli kabisa. Halafu Marianne Faithfull, Negative Capability ya mwaka 2018. Hiyo ukiisikiliza uwe na nguvu za moyo.

Kinanda cha Kale

Na Blackstar, mkuu. Usimnyime mgeni Blackstar.

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Na Blackstar. Ila hiyo tuifungulie uzi wake, na wewe ndiye uuandike.